Saitimira yangu nimeinunua mara mbili, tukae tupige hesabu za mwizi wa hapa Arusha

Baba Noela wa Sakina

Wakuu habari za jioni, uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Wiki mbili zilizopita nimeamka asubuhi natoka kwenda kazini, gari ililala nje ya geti maana ndani kulikuwa na Noah ya shemeji, usiku mmoja tu jamani. Nafungua mlango naona ile Toyota IST yangu inanitazama kama mtu aliyekatwa sikio. Saitimira ya kulia, yaani kile kioo cha pembeni, haipo. Haijavunjwa, imechomolewa, waya umekatwa vizuri kabisa kama kakata fundi umeme. Na mlinzi wa mtaa alikuwepo, filimbi yake nimeisikia mwenyewe saa saba usiku nikajigeuza upande wa pili nikalala kwa amani.

Nikaenda kituoni (sitaji kipi), nikaandikisha, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Yule afande mstaarabu sana, ila kabla sijatoka akaniambia kwa upole, "kaka, pita na kule kwenye spea uangalie angalia, unaweza ukaiona." Yaani polisi ndiye ananielekeza dukani. Nikaenda, sehemu siitaji ila wana Chuga mnajua spea za mkononi zinakopatikana. Kijana wa kwanza tu nikamwambia IST, kulia, silva. Akasema ngoja, akapiga simu. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki kama dakika ishirini nimewekewa na soda, ikaletwa ndani ya kiroba cha mchele. Nikaigeuza. Kwenye kona ya chini kuna mkwaruzo wa rangi ya bluu, rangi ya geti langu, mama Noela aliibamiza mwaka jana tukanuniana siku mbili. Yenyewe!

Elfu themanini, tukashuka mpaka sitini na tano. Nikalipa. Ndiyo nililipa, chekeni tu, mpya dukani walitaka laki moja na themanini na jioni hiyo nilikuwa na safari ya msibani Moshi, gari bila kioo njia ile ya Bomang'ombe huwezi.

Sasa njiani ndo nikaanza kuwaza. Mimi uchumi niliusoma chuo kabla sijaingia kwenye biashara ya vifungashio, na kuna Mmarekani mmoja anaitwa Gary Becker, alipata Nobel ya uchumi 1992. Huyu mzee alisimulia kwamba siku moja pale chuo kikuu cha Columbia, New York, alikuwa amechelewa kumpima mwanafunzi mtihani wa mdomo, ikabidi achague alipie sehemu ya kupaki au aache gari barabarani pasiporuhusiwa. Akapiga hesabu chapchap, uwezekano wa kukamatwa ni mdogo, faini haiui, akapaki. Wala hakuandikiwa. Huku anatembea akawa anawaza kwamba hata wale wa jiji wanaopanga ukaguzi watakuwa wamepiga hesabu kama yake. 1968 akatoa makala kwamba mhalifu tusimwone kama kichaa au mgonjwa, ni mtu anayelinganisha faida na hasara kama wewe unavyomkwepa kijana wa ushuru wa maegesho pale Mnara wa Saa.

Tumpigie basi mwizi wangu. Mtaji: plaisi. Muda: nusu dakika. Soko: lipo, linapigiwa simu. Yule wa duka kanichukulia sitini na tano, nakisia dogo kapewa ishirini mpaka thelathini, ukibeba saitimira tatu zenye oda usiku mmoja umezidi anachoshika kibarua wa zege kwa siku nyingi. Hatari: mimi mwenye mali nimeishika mali yangu mkononi, nina RB mfukoni, na hakuna aliyekamatwa. Ningekuwa mimi ndo yule dogo nisiye na kazi, niseme ukweli, ningefikiria.

Mtasema adhabu ziongezwe. Adhabu zipo ndugu zangu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka 30 jela, na bado watu wanakabwa na panga. Muitaliano Cesare Beccaria aliliandika hili tangu 1764, kwamba kinachomtisha mtu ni uhakika wa kukamatwa na haraka ya adhabu kuliko ukali wake. Dogo wa miaka kumi na tisa hapigi hesabu ya mwaka wa ishirini na tisa wa kifungo, anapiga hesabu ya leo usiku nitakamatwa au sitakamatwa.

Basi tuongeze doria? Nilidhani hivyo na mimi. Ila 1972 mpaka 1973 polisi wa Kansas City kule Marekani walijaribu, wakachukua maeneo 15 ya doria, matano wakaondoa gari za kuzunguka kabisa, polisi anaingia akipigiwa simu tu, matano wakaacha kama yalivyo, matano wakaongeza gari mara mbili hadi tatu. Mwaka ukaisha, uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote, na wananchi wenyewe hata hawakushtuka kama kuna kilichobadilika. Gari linalopita likaenda zake ni kama filimbi ya mlinzi wetu. Nikwambie, yule Mmasai wetu ni mtu mwaminifu, anapuliza kila saa bila kukosa, saa sita yuko kona ya duka, saa saba yuko kwetu, saa nane yuko kule chini kwa mwalimu. Mwizi anahitaji nini zaidi? Amepewa ratiba.

Ninachosema mimi ni hiki, tunamkimbiza anayeiba tunamwacha anayenunua. Kioo kisingekuwa na mtu wa kukipigia simu kisingechomolewa, hakuna mtu anaiba saitimira akaiweke sebuleni. Na mnunuzi wa mwisho kwenye huu mnyororo ni mimi niliyekaa kwenye kile kiti nakunywa soda.

Nawasilisha.

Chalii Asiye na Jina

Kwa hiyo mkuu umemlipa mwizi mshahara halafu umetuandikia hotuba hahahaha

Baba Noela wa Sakina

Ndo hivyo chalii yangu, na soda ya kwake nikanywa

Mangi wa Pasua

Mnaongea sana nyie watu wa Arusha. Huku Moshi dawa tunaijua, kibaka akidakwa hafiki kituoni. Tairi moja, petroli lita moja, mtaa unakaa kimya miezi sita. Hizo za Becker muwaachie wazungu.

Mama Kilombero

Mangi usiseme hivyo mdogo wangu. Mimi nauza viazi pale sokoni Kilombero, nimeshaona hiyo dawa yako. Ilikuwa asubuhi magari ya mzigo yanashusha, mama mmoja akapiga kelele mwizi, watu wakamdaka kijana aliyekuwa anakimbia. Alikuwa anakimbia kwa sababu amebeba gunia la karoti la mteja na mteja yuko mbele anamharakisha. Mbeba mizigo. Nilikuwa namjua, kila siku ananibebea mimi. Walianza na mawe ya kuzuia matairi ya lori, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, tulipomtoa jicho moja lilikuwa halioni tena. Aliyeiba pochi hakujulikana mpaka leo. Na wiki iliyofuata pochi zikaibiwa tena palepale.

Baba Noela wa Sakina

Dada pole sana, na umenisaidia kumjibu Mangi kuliko ningejibu mimi. Mangi, hiyo ya tairi ndo adhabu kali kuliko zote duniani, hakuna inayoizidi, mbona vibaka wa Pasua hawajaisha? Kwa sababu anayechomwa ni mmoja kati ya wengi sana wanaoondoka, na wewe hata huna uhakika kama huyo mmoja ni yeye. Halafu fikiria upande wa mwizi, kama akidakwa na simu ya laki anakufa na akidakwa na bastola anakufa vilevile, kwa nini asibebe bastola? Unampa sababu ya kukuua wewe ili asitambulike.

Mangi wa Pasua

Hapo kwenye bastola sawa. Ila hasira mkuu, ukiamka ukakuta ng'ombe wa maziwa kachinjiwa bandani kaachwa kichwa na kwato huwezi kukaa unapiga hesabu ya Nobel.

Fundi Simu Levolosi

Naomba niongee kama mtu wa sokoni maana huku ndo kwangu. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki? Watu wakajua sasa na za wizi zimekwisha maana kila simu ina ile namba yake, ukibonyeza *#06# inatokea, na ikiripotiwa inafungiwa mitandao yote. Kweli kidogo bei ilishuka. Lakini kwanza wengi hawaripoti, hawajui hata namba yao, boksi lilishatupwa. Pili simu sio lazima iuzwe ikiwa hai. Inakuja imefungwa aikaudi, ile akaunti ya mwenye simu, haifai kitu kama simu, mtu anaileta kwa elfu thelathini anasema fundi hii nyama. Unaikata. Kioo kwa mtu wake, kamera kwa mtu wake, betri, mfumo wa chaji, hata kava la nyuma. Ukijumlisha zile nyama kuna simu zinakaribia bei ya mzima. Ni kama gari na kioo cha mwenye uzi. Na nyingine inavuka Namanga inaenda kuwa hai upande wa pili.

Mimi nilishaacha kupokea bila boksi na kitambulisho, naandika kwenye daftari. Nimepoteza wateja. Jirani yangu mita tatu anapokea zote na ana mafundi wanne, mimi niko mwenyewe. Hiyo nayo ni hesabu, aandike mtu makala.

Baba Noela wa Sakina

Fundi umepiga palepale. Mwaminifu anaadhibiwa kwa sababu asiye mwaminifu hakaguliwi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, kifungu 311, kipo siku zote, ila lini umesikia msako wa meza za spea kama unavyosikia msako wa vijana wa kijiweni?

Afande wa Zamani

Vijana nawasalimu. Mimi nimestaafu, nimekaa doria na upelelezi miaka mingi mikoa mitatu, sitasema zaidi.

Mwenye mada una hoja ila kuna kitu hukukiona. Unadhani kumkamata yule wa duka ni kazi rahisi? Nikimkamata na kioo chako, atasema kaletewa na mtu asiyemjua. Lazima nithibitishe alijua ni cha wizi. Nitakuuliza wewe, una risiti ya kile kioo? Una alama gani? Mkwaruzo wa bluu. Wakili wake atauliza mageti ya bluu Arusha yako mangapi. Halafu nitakuita mahakamani, utakuja mara ya kwanza, kesi itaahirishwa, mara ya pili hakimu yuko kwenye mafunzo, mara ya tatu wewe una mzigo wa vifungashio Dar. Ya nne huji. Kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi, na yeye anarudi mtaani kupita mbele ya kituo ananipungia mkono. Kwa elfu sitini na tano, kesi nyingi mtu anamaliza mwenyewe dukani kama ulivyofanya, na mimi kusema ukweli nilishawahi kuwaelekeza watu hivyohivyo.

Kuhusu doria, tulikuwa tunajua. Hatukuhitaji Kansas. Difenda, lile gari la polisi, ukiizungusha mji mzima unaunguza mafuta na hukamati kitu, ila kulikuwa na kona mbili tatu na baa moja, ukikaa pale Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuanzia saa nne usiku umemaliza nusu ya malalamiko ya wiki. Tatizo mafuta yanatolewa kwa wilaya, na kila mheshimiwa anataka difenda ipite kwake.

Baba Noela wa Sakina

Shikamoo mzee. Hicho ulichosema kuhusu kona mbili tatu kimepimwa. Mji wa Minneapolis kule Marekani miaka ya 80 mtafiti Lawrence Sherman na wenzake walichukua simu zote za polisi za mwaka mzima wakazipanga kwa anwani, wakakuta kama asilimia 3 tu ya anwani ndo zinatoa nusu ya simu zote. Yaani mji mbaya haupo mzee, kuna kona mbaya. Baadaye wakaja kuona polisi akikaa kwenye kona hiyo dakika kumi mpaka kumi na tano halafu akaondoka, watu wanatulia muda mrefu kuliko akipita tu na gari, na akikaa zaidi ya hapo haongezi kitu kikubwa. Ahamie kona nyingine, asifuate saa. Yule Mmasai wetu nimemwambia aache kupuliza filimbi. Kakataa, anasema mkiacha kuisikia mtasema nimelala na hamtanilipa. Sina jibu.

Afande wa Zamani

Marahaba. Hahaha, mlinzi wenu ana akili kuwazidi. Anapuliza kwa ajili ya waajiri, sio kwa ajili ya mwizi.

Toto la Unga Ltd

Samahanini naingilia. Mnaongea hesabu ila hamjasema polisi wanapangwa wapi na kwa ajili ya nani. Hapa mjini tuna kituo kizima cha utalii na diplomasia, sijasema kibaya, mtalii mmoja akiporwa kamera habari inafika Ulaya na kazi za watu wanaopeleka wageni Ngorongoro zinayumba, naelewa. Njiro wana kampuni za ulinzi, ukuta, umeme juu ya ukuta, mbwa. Sasa mwizi anayepiga hesabu za Becker akiona Njiro pamefungwa na katikati ya mji pana askari, anaenda wapi? Anarudi Unga Ltd kwa mama yangu mwenye mlango wa bati na tivii ya inchi 24. Mkijilinda mnatuletea sisi.

Baba Noela wa Sakina

Hoja nzito hii na wachumi wenyewe wamepigana nayo. Nitoe mifano miwili halafu uniambie.

Julai 1994 huko Buenos Aires, Argentina, jengo la jumuiya ya Wayahudi linaitwa AMIA lililipuliwa, watu 85 wakafa. Serikali ikaweka polisi masaa 24 kwenye kila sinagogi na taasisi za Wayahudi na za Waislamu mji mzima. Wachumi wawili, Di Tella na Schargrodsky, wakaangalia wizi wa magari maana polisi hakuwekwa pale kwa ajili ya wizi, aliwekwa kwa ajili ya bomu. Kwenye kipande cha mtaa chenye askari wizi ukashuka kwa robo tatu hivi. Mtaa wa pili kutoka pale, hamna kitu, kama askari hayupo duniani. Kwa hiyo polisi anafanya kazi, ila kwa upana wa macho yake.

Wa pili ni Ujerumani Magharibi, huu watu wa bodaboda mtaupenda. 1980 walianza kupiga faini palepale barabarani kwa anayeendesha pikipiki bila helmeti. Hawakuwa na habari na wizi kabisa, walitaka watu wasipasuke vichwa. Ila mwizi wa pikipiki mara nyingi alikuwa ni mtu anapita anaona chombo anaruka nacho, sasa bila helmeti anasimamishwa kona ya kwanza. Wizi wa pikipiki ukatoka zaidi ya 150,000 mwaka 1980 ukafika kama 54,000 mwaka 1986. Je wote wale walihamia kwenye magari? Wizi wa magari uliongezeka kidogo tu, haukufidia hata robo. Wengi waliacha tu. Kwa hiyo wanahama, lakini sio wote, kuhama nako kuna gharama yake, ni kama wewe duka la mtaani likifungwa hununui kila kitu Kilombero, vingine unaacha.

Ila dada au kaka, kwa mama yako sitabisha. Mlango wa bati ni mlango wa bati.

Toto la Unga Ltd

Ni dada. Na sisi huko ulinzi shirikishi tunachangia elfu mbili kila nyumba kwa mwezi, vijana wanazunguka na fimbo. Mwanzoni ilisaidia. Baadaye wenye kulipa wakabaki nusu, maana asiyelipa naye analindwa, hakuna namna ya kulinda nyumba hii ukaacha ya katikati. Vijana wakawa hawalipwi, sasa wanasimamisha watu saa tatu usiku wanaomba "ya chai". Kaka yangu katoka zamu ya kiwandani kanyang'anywa buku tano na walinzi wetu wenyewe.

Msukuma wa Kijenge

Dada hiyo ni ya kale. Kwetu Usukumani sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, polisi walikuwa mbali na watu wamechoka. Babu alikuwa nao. Ng'ombe walirudi kweli, serikali ikawatambua kisheria 1989. Lakini babu mwenyewe alikuwa anasema ilianza kukamata wezi wa ng'ombe ikamalizia kukamata vikongwe wenye macho mekundu wakiitwa wachawi. Ukimpa mtu fimbo bila mshahara na bila wa kumkagua, fimbo itajilipa yenyewe.

Boda Mianzini

Wakuu mimi nina pikipiki ya mkataba, kwa siku napeleka hesabu elfu kumi, ikiibiwa deni ni langu. Helmeti za Wajerumani safi ila huku kwetu mwizi hadandii, anakuita kama abiria, "nipeleke Muriet", saa tano usiku, njiani wanatokea wawili. Hiyo sio pikipiki tu hiyo ni shingo. Na hawa wa tatu mzuka wanaokwapua mikoba wamepakizana watatu wanatuharibia jina, mama akisikia muungurumo nyuma yake anakumbatia mkoba hata kama ni mimi namletea mzigo wake.

Kijiwe chetu tulichofanya, tumefunga jipiesi zile ndogo za kufuatilia chombo kilipo, fundi anazificha sehemu hata mwenye chombo haambiwi sawasawa. Hatukuweka zote, hela haikutosha, tumeweka kama saba kati ya ishirini na mbili. Lakini tumetangaza kwamba tumeweka zote.

Baba Noela wa Sakina

Boda wewe ndo ulipaswa kupewa Nobel. Hili ni jambo lilelile Ian Ayres na Steven Levitt waliandika 1998 kuhusu kifaa kinaitwa LoJack, cha kulitafuta gari likiibiwa, kinafichwa ndani ya gari na nje hakuna alama yoyote. Kwa kuwa mwizi hajui lipi linacho lipi halina, anaogopa yote, hata yule asiyenunua analindwa. Ukifunga kufuli kubwa jekundu la usukani, unamwambia mwizi nenda kwa jirani. Ukificha, unamwambia acha kabisa. Hapo ndo tofauti ya kujilinda na kulinda mtaa.

Boda Mianzini

Nobel yao wanatoa shilingi ngapi nimalize mkataba

Mama Kilombero

Niongeze jambo kabla sijalala, saa kumi niko sokoni. Zamani sisi tulikuwa tunatembea na hela kwenye kanga kiunoni, na vibaka walikuwa wanajua, siku ya mnada unakabwa njia ya kurudi. Tangu M-Pesa iingie 2008 taratibu hela zikahamia kwenye simu, nikimaliza kuuza nampelekea wakala palepale natuma kwa mwenye lori. Kiunoni natembea na nauli. Kukabwa kumepungua kwangu kabisa, naongea yangu.

Ila mwizi hakulala. Sasa ananitumia meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwaka juzi wamenipata, laki na ishirini, nilikuwa kweli nadaiwa na nilikuwa kweli nasubiri namba, nikatuma bila kufikiri. Walipotuandikisha laini kwa alama za vidole nilijua yameisha, mstari wote ule wa Januari 2020 tumesimama juani, na bado wananitumia mpaka leo. Vidole vya nani vile?

Baba Noela wa Sakina

Dada pole. Hata Sweden, nchi iliyoacha karibu kabisa kutumia noti, uporaji wa benki ulitoka 110 mwaka 2008 ukafika 16 mwaka 2011, na wezi wa mitandaoni wakawa na kazi nyingi. Ila kuna nafuu moja, wa meseji hakukabi shingo.

Mama Kilombero

Hiyo nafuu naikubali. Usiku mwema wanangu.

Chalii Asiye na Jina

Mwenye uzi sasa baada ya hadithi zote hizi umefanya nini na gari? maana inalala nje tena leo nimeiona

Baba Noela wa Sakina

Wewe umeionea wapi hahaha mods chukueni namba ya huyu.

Nimefanya kile ambacho ningefanya siku ya kwanza niliponunua gari. Jumamosi nimeipeleka kwa dogo mmoja anachora namba za gari kwenye vioo na taa zote, kile kimashine chake kinalia kama cha daktari wa meno, kila kioo ananyunyizia maji kidogo anafuta na kitambaa anakuonesha, nane, saba, herufi zake mbaya mbaya lakini zimeingia ndani. Elfu kumi na tano gari zima, na ribiti akapigilia kwenye saitimira. Kioo chenye namba yangu hakina soko, au kina soko la mimi peke yangu.

Nikiwa nasubiri nikachungulia boksi la jirani yake muuza spea. Kuna vioo vimo mule vilishawahi kuchorwa, vimesagwa na msasa vikawa na ukungu, vinauzwa nusu bei. Kwa hiyo namba haizuii, inapunguza bei tu. Na mwizi akilipwa nusu labda anabaki kitandani siku za mvua. Kimoja msasa haukufika vizuri, cha IST, zimebaki herufi mbili za mwisho, D na Q.

Afande wa Zamani

Hicho ndicho nilikuwa nakitafuta miaka yote, herufi mbili zinatosha kabisa mahakamani kuliko mkwaruzo wa bluu. Ulimuuliza kakitoa wapi?

Baba Noela wa Sakina

Nilimuuliza mzee. Akaniuliza kama nataka kununua au nataka kuongea.

Mangi wa Pasua

Ngoja ngoja, DQ? IST? Mkuu hicho kioo cha upande gani?

Baba Noela wa Sakina

Kushoto.

Mangi wa Pasua

Aah. Basi sio changu, changu kiliondoka cha kulia. Lakini kesho si Jumatatu, nakuja na basi la saa kumi na mbili, nielekeze hilo boksi liko wapi.